Mumiani wa Kilima Cheupe

Kama umekulia pande za Kibamba, au una bibi aliyewahi kuishi huko, basi umeshatishiwa na mumiani wa Kilima Cheupe.

Yule mwenye koti jeusi la mpira. Anatembea juu ya kilima wakati wa masika, kashika chuma kirefu cha kunyonyea damu za watu. Ukimsogelea, kilima kinakuangukia.

Sasa leo nikuambie kitu. Huyo mumiani mie namjua kwa jina.

Anaitwa Adelard. Ni babu yangu, baba mzazi wa mama yangu.

Tulia kwanza, usikimbie.

Habari hii nimeipata kwake mwenyewe, na kwa bibi pia, kila mmoja kwa wakati wake. Walitofautiana jambo moja tu, na hilo nitalisema tukifika.

Miaka hiyo Mwingereza bado anatawala na vita vya Hitla vimeshaisha. Ukiipita Kibamba kwa njia ya Morogoro, ukaacha barabara na kuingia ndani kidogo, kulikuwa na machimbo ya udongo mweupe, ule wa kutengenezea vyombo. Huko kulikuwa pori hasa. Chui alipita mchana na wala hakuwa na haraka.

Adelard alitoka Bukoba na shule yake kichwani, na mke wake mpya, Genoveva. Kampuni ya machimbo ikampa kazi ambayo kila akiieleza watu wanacheka.

Kuhesabu majani.

Sikutanii. Juu ya machimbo kulikuwa na malisho ambayo hayajawahi kulimwa wala kuchimbwa. Kampuni ilitaka kujua ardhi hiyo ikoje kabla haijaguswa. Majani gani yanaota, udongo umekaa vipi tabaka kwa tabaka, ili siku wakimaliza kuchimba wajue wameharibu nini.

Basi kila asubuhi Adelard alipanda kilima na vibarua wake, kavaa koti lake jeusi la mvua. Wanavuta kamba ndefu kukatisha mteremko, kutoka mti mmoja wa mgunga hadi mwingine. Kando ya kamba wanapigilia vigingi vyenye kitambaa chekundu. Kwenye kila kigingi Adelard analaza fremu ya mbao, anapiga magoti na kuandika nyasi zilizomo ndani ya fremu.

Halafu linachimbwa shimo la kimo cha mtu. Pasipochimbika, anatoboa ardhi kwa keekee, chuma kirefu chenye meno mfano wa parafujo, ukikichomoa kinatoka na udongo. Udongo anaudondoshea dawa kutoka kwenye chupa. Wenye chokaa unachemka na kutoa povu.

Sasa jiweke wewe kwenye nafasi ya watu wa kambini.

Kambi ilikuwa chini kabisa, kwenye uwanja uliobaki baada ya udongo kuchimbwa. Vibanda vya makuti vimejipanga, nyuma yake ukuta mweupe wa kilima kilichokatwa, na juu ya ukuta ndiyo hayo malisho. Watu wanakaa chini wanamwona mtu wa koti jeusi huko juu. Anachimba mashimo ya kimo cha mtu, halafu hazikwi maiti. Ana chuma cha kutoboa, na chupa ya dawa inayochemsha mchanga.

Wakati ule kila mtu Dar aliogopa mumiani, mtu anayeua wenzake kwa ajili ya damu ikafanywe dawa. Kambi haikuhitaji ushahidi zaidi.

Watoto wakimwona Adelard wanatawanyika. Akipita, milango inafungwa. Na yeye na Genoveva walikuwa wanaishi kambini humo humo, kibanda cha mwisho, kinachopakana na ukuta.

Genoveva alikuwa mjamzito, mwezi wake umefika. Mkunga wa kambi, Bi Mwajabu, alimwambia wazi kisimani.

"Mwanangu, mie tumbo la mumiani siligusi. N'tajuaje linazaa nini?"

Genoveva alirudi na ndoo yake na kulia mpaka macho yakavimba. Adelard akamwahidi kwamba akimaliza tu mstari ule wa vigingi, Mzungu anayemsimamia atampa ruhusa na atampeleka mjini akajifungulie huko.

Hilo ndilo alilolitaka katika dunia hii. Amalize mstari, amtoe mke wake kambini.

Ndipo vigingi vikaanza kutembea.

Mvua za masika zilikuwa zimekolea. Asubuhi moja alipanda akakuta vigingi vya katikati vimesogea kuelekea bondeni. Vya pembeni viko palepale, vya katikati vimetoka nje ya kamba. Mstari aliouacha umenyooka sasa ulikuwa na tumbo.

Mzungu wake, ambaye vibarua walimpa jina la Bwana Udongo, alikuja akatazama akakunja uso.

"Mtu nachezea kazi yangu. Karani, nyosha kamba. Kigingi yote rudisha."

Adelard akavirudisha, akavinyoosha kwa kamba. Kesho yake vimesogea tena, akavinyoosha tena. Ikawa ndiyo kazi yake ya kila asubuhi, na majani hayahesabiwi, na tumbo la Genoveva linashuka.

Kuna kitu kinachokera kama hicho? Mwenyewe aliniambia alikuwa na hasira kali. Akaapa siku akimshika huyo mtu atamkabidhi bila huruma.

Na kweli akamshika mtu.

Ilikuwa asubuhi yenye ukungu. Adelard alitangulia mwenyewe, akamkuta Nasser bin Matar kasimama katikati ya mstari, na kigingi mkononi, kitambaa chekundu kinaning'inia.

Nasser alikuwa Mwarabu mwenye duka kando ya barabara. Ng'ombe wake ndio waliokuwa wakichungwa kwenye malisho hayo tangu zamani, na kila mtu alijua hapendi machimbo yasogee juu.

"Shikamoo, mzee Nasser."

"Marahaba, Karani."

"Kumbe ni wewe."

"Mie n'nini?"

"Unayeng'oa vigingi vyetu."

"Lahaula! Sijang'oa kitu. Nimekikuta kimelala, nikakiokota. Mie nimekuja kutazama hapa pana nini. Ng'ombe zangu siku ya ngapi hii hazitaki kupita hapa. Nazipiga, zinarudi nyuma. Mchungaji wangu kachoka. Kuna kitu hapa, Karani. Wallahi kuna kitu."

"Kitu chenyewe ni wewe, mzee."

Bwana Udongo alipofika, Adelard alisema alichokiona. "Nimemkuta na kigingi mkononi." Hakuongeza neno, wala hakupunguza.

Nasser akapakiwa kwenye gari na kupelekwa polisi mjini, na Bwana Udongo akaenda naye kutoa maelezo. Mzee wa watu alikaa nyuma ya gari, kofia yake imelowa, hakugeuka kumtazama Adelard.

Jioni ile Adelard alivipigilia vigingi vyote kwa nguvu zake zote. Akalala usingizi mzuri kuliko siku nyingi.

Asubuhi iliyofuata, Nasser yuko lokapu. Bwana Udongo hajarudi. Mvua imenyesha mfululizo, machimbo yamefungwa, watu wote wako kambini wanaota moto.

Adelard akapanda na vibarua wake. Wakafika kwenye mstari, wakasimama.

Tumbo lilikuwa limerudi, na safari hii lilikuwa kubwa kuliko siku zote.

"Mwarabu kafungwa," kibarua mmoja akasema polepole. "Sasa nani kavisogeza?"

Mmoja akataja mizimu. Kufumba na kufumbua vibarua wote wameshuka mbio upande wa pili wa kilima, majembe wameyaacha yamesimama ardhini.

Adelard akabaki peke yake na mvua.

Akafanya alichozoea. Akachukua kamba anyooshe. Alipoinama kuangalia kamba inapopita, macho yake yakaenda kwenye kichuguu.

Kulikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kuliko yeye, karibu na katikati ya mstari. Alipofunga kamba mara ya kwanza, alihakikisha inapita upande wa chini wa kichuguu bila kukigusa. Sasa kamba ilikuwa imekwama. Imekilalia kichuguu tumboni.

Aliangalia migunga miwili iliyoshika kamba. Iko palepale. Kilichosogea ni kichuguu.

Mtu anaweza kuhamisha kigingi. Nani anahamisha kichuguu?

Adelard alitembea juu kidogo ya mstari, akaona nyasi zimekauka kwa mstari mwembamba, katikati ya masika, wakati kila kitu ni kijani. Akapiga magoti, akatenga nyasi kwa mikono.

Chini yake kulikuwa na ufa.

Mizizi ya nyasi ilikuwa imevutika kutoka upande mmoja wa ufa hadi mwingine, na ilikuwa inakatika huku anaiona. Alisikia sauti ndogo, kama fundi anachana kitambaa taratibu. Ufa ule ulikwenda kushoto na kulia mpaka ukungu ulipoumeza.

Malisho yote yalikuwa yanashuka. Walikuwa wamekata miguu ya kilima huko chini wakichimba udongo wao, na sasa kilima kinateleza kikifuata nafasi iliyoachwa wazi. Nafasi hiyo ndipo ilipo kambi. Ndipo alipo Genoveva.

Na yeye, kila asubuhi, alikuwa anaambiwa na vigingi. Kila asubuhi alikuwa anavinyoosha, anafuta onyo kwa mikono yake mwenyewe.

Alishuka mbio, akaanguka, akainuka. Akamkuta mnyapara Shomari kibarazani kwake anakunywa chai.

"Mnyapara, toa watu. Kilima kinashuka."

"Kinashuka kinakwenda wapi? Kariakoo?"

Watu wakacheka.

"Nimeona ufa. Kichuguu kimehama. Kilima ndicho kilichokuwa kinasogeza vigingi."

Shomari akaweka kikombe chini.

"Karani, si wewe uliyesema Mwarabu ndiye anasogeza? Jana Mwarabu, leo kilima. Kesho utasema ni mie. Nitoe wake za watu na watoto mvuani kwa sababu umeota?"

Kila neno la Shomari lilikuwa la haki.

Akapita kibanda kwa kibanda anabisha, anaomba. Milango ikafungwa, wengine wakamwitikia kwa matusi. Kule nyuma, kwenye ukuta mweupe, mawe madogo yalishaanza kudondoka, moja moja, na hakuna aliyeyatazama.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa anatoka jikoni akakutana naye uso kwa uso. Akamwona, akaona koti, akapiga yowe. Akamnyakua mtoto wake na kukimbia mpaka mwisho wa kambi kuelekea barabarani.

Adelard akabaki anamwangalia.

Maneno yake yote hayakumsogeza mtu hata hatua moja. Koti limemfikisha mama wa watu barabarani.

Ndugu yangu, hebu fikiria. Mtu umekaa miezi unalia kwa kusingiziwa, mkeo ananyimwa mkunga kwa uongo huo. Halafu inakubidi wewe mwenyewe uuvae.

Aliuvaa.

Alijipaka udongo mweupe usoni. Akafunga koti vifungo vyote mpaka shingoni. Akachukua keekee mkono mmoja na chupa mkono mwingine, akatokea upande wa ukuta, ili wanaokimbia wakimbilie barabarani. Akaimwaga ile dawa kwenye jalala la majivu katikati ya kambi. Majivu yakachemka povu, yakafoka.

"Leo nakunywa damu ya wote!" akapiga kelele. "Atakayebaki ni wangu!"

Wacha kabisa.

Aliyetangulia kukimbia ni Shomari, na kikombe chake mkononi. Nyuma yake wanaume, wanawake, wazee, watoto migongoni. Sufuria zilipinduka, mlango mmoja uling'olewa na watu watatu waliotaka kupita pamoja. Adelard akawafukuza kibanda kwa kibanda, anagonga keekee kwenye nguzo, anacheka kicheko ambacho mwenyewe hakukijua. Machozi yalikuwa yanachora mistari kwenye ule udongo wa usoni.

Kambi ikawa tupu.

Isipokuwa kibanda cha mwisho.

Genoveva alitoka, mkono mmoja kiunoni. Babu alisema ameshika mwiko. Bibi alisema hapana, ulikuwa upawa. Walibishana juu ya hilo mpaka uzeeni.

"Adelard! Umeingiwa na nini? Watu wanatusema bila sababu, na wewe unawapa sababu?"

"Kimbia, Genoveva!"

"Sikimbii. Nikukimbie wewe? Mie si nakujua wewe si mumiani!"

"Ndiyo maana wote wamepona umebaki wewe!"

Hakuelewa. Ila ukuta ukanguruma nyuma yake, na hapo hakuhitaji kueleweshwa. Adelard akatupa keekee, akambeba mke wake na tumbo lake, akakimbia.

Kilima kikashuka.

Bibi aliniambia hakikuanguka kama watu wanavyosimulia. Kilikuja kwa haraka lakini kimesimama, na nyasi zake juu, na kichuguu chake, na vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Kikaifunika kambi kama mtu anavyofunika chungu. Kisha kukawa kimya, mvua tu inanyesha.

Hakufa hata mtu mmoja.

Watu walikuwa wamejaa barazani kwa Nasser, kule barabarani. Walipomwona Adelard anatokea na mkewe mikononi, wakapiga mayowe upya. Uchungu ulikuwa umeshamshika Genoveva.

Mlango wa duka ukafunguliwa. Akatoka mke wa Nasser, Bi Thuraya.

"Wewe ndiye Karani?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Hakuitikia.

"Mume wangu amelala lokapu kwa mdomo wako."

"Ndiyo, mama."

Akamtazama Genoveva, kisha akasogea pembeni ya mlango.

"Mwingize mgonjwa ndani. Wewe ubaki nje."

Halafu akageukia baraza na kuita, "Mwajabu! Usijifiche nyuma ya gunia, nimekuona. Njoo unawe mikono."

Bi Mwajabu alikuja. Alitangaza kwa sauti, wote wasikie, kwamba anakwenda kumzalisha mwanamke, hamzalishi mumiani. Akaifanya kazi yake vizuri mno.

Ndiyo maana mama yangu, Mhaya wa kutoka kwa Wahaya, Mkatoliki wa kubatizwa, anaitwa Thuraya.

Kesho yake Adelard akaenda mjini kwa miguu kufuta maneno yake. Nasser akatolewa. Walirudi pamoja, mzee katangulia mbele njia nzima, akasimama walipoiona baraza ya duka.

"Ulisema ulichokiona, Karani. Kwa hilo sikulaumu," Nasser akasema. "Nakulaumu kwa kuwa nilikwambia ng'ombe zangu hazitaki kupita, na wewe ukanyosha kamba."

"Nisamehe, mzee wangu."

"N'takusamehe. Si leo. Leo n'na hasira."

Alimsamehe baadaye, kwa taratibu zake.

Sasa unadhani watu wa kambi walikuja kumshukuru? Thubutu! Habari iliyosambaa mpaka Kiwalani ni kwamba mumiani wa Bukoba kakosa damu za watu, kwa hasira akauangusha mlima. Waliona kwa macho yao. Alitoka kwenye ukuta, akachemsha majivu, akatisha, na kilima kikafuata.

Bibi alitaka aende akajieleze. Shomari mwenyewe, aliyeambiwa habari ya ufa, baadaye alielewa, akaja kwa siri kuomba radhi, akajitolea kuwa shahidi wake.

Babu akakataa.

Miaka yote nilidhani ni unyonge. Siku moja, kashazeeka, tunaishi Mwananyamala, nilimwuliza. Babu, kwa nini hukujitetea?

Akaniambia kile kilima hakijamaliza kushuka. Nusu imebaki juu. Na pale chini palikuwa tambarare, pana maji, pako karibu na barabara. Masika mbili tu baada ya maporomoko watu walishaanza kupatolea macho wajenge.

"Ningejitetea, wangenipenda," akasema. "Wakinipenda wanarudi pale. Wakiniogopa hawarudi."

Kwa hiyo kila masika, mpaka miguu ilipomkatalia, mzee yule alikuwa anapanda basi la Kibamba na koti lake ndani ya kikapu. Anapanda kilimani, analivaa, anatembea pale juu watu wamwone. Akimaliza analikunja, anarudi nyumbani, anakula ugali na bibi.

Pale hapakujengwa kibanda kwa muda wote alioishi.

Alifariki, Mungu ampumzishe. Kizazi kilichokuwa kikimwogopa nacho kimekwenda.

Wiki iliyopita nimeona tangazo kwenye simu. Viwanja vinauzwa, mbele ya Kibamba, tambarare, maji yapo, mandhari ya kilima. Nikampigia dalali.

"Na kile kilima kikoje?" nikamwuliza.

Akacheka. "Kilima kipo tu, bosi. Hakiendi popote."

Nimekaa na jibu hilo siku kadhaa. Ukikuta kitu kimepinda, ndugu yangu, usikimbilie kukinyoosha. Uliza kwanza kilichokipinda, hata kama anayekuonya ni ng'ombe.

Mie sina elimu ya udongo, na nikiandika kwenye maoni ya tangazo lao wananifuta. Lakini koti la babu ninalo. Jumamosi nimelipeleka kwa fundi viatu azibe matundu, kwa sababu masika hii hapa imekaribia.